Sikukuu za Italia mwaka mzima: maswali tunayoulizwa kila mara

Ukizaliwa Malindi unaijua kalenda ya Waitaliano kabla hujajua kusoma. Agosti mji unafurika, Septemba unapumua, Krismasi unafurika tena. Nilipohamia Torino nilidhani basi, sina la kujifunza. Kumbe nilichokuwa nakiona pwani ni ghorofa ya juu tu, ile ya taifa zima. Chini yake kuna kalenda nyingine ya kila mji na mtakatifu wake, na hiyo ndiyo inayowatia watu wazimu. Maswali yaliyo hapa huulizwa na wanafunzi wapya, wanaotunza wazee majumbani, na ndugu walioko nyumbani wanaopanga kuja kutembea.

Italia ina sikukuu ngapi za mapumziko?

Kumi na mbili, ukiacha Jumapili ya Pasaka ambayo ni Jumapili hata hivyo. Mwaka Mpya, 6 Januari, Epifania, Jumatatu ya Pasaka, 25 Aprili, Siku ya Ukombozi, Mei Mosi, 2 Juni, Siku ya Jamhuri, 15 Agosti, Ferragosto, 4 Oktoba, Fransisko wa Assisi, 1 Novemba, Watakatifu Wote, 8 Desemba, Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, kisha Krismasi na siku inayofuata, 26, ambayo ni ya Mtakatifu Stefano.

Ukikuta mahali wameandika kumi na moja, orodha hiyo ni ya zamani. Tarehe 4 Oktoba imerudi kuanzia 2026, mwaka wa 800 tangu Fransisko afariki. Nasema imerudi kwa sababu iliondolewa mwaka 1977, serikali ilipoona watu wanapumzika kupita kiasi. Sheria ya mwaka huo ilifagia nyingi kwa mkupuo mmoja: Mtakatifu Yosefu wa 19 Machi, Kupaa kwa Bwana, sikukuu ya Ekaristi, hata Epifania. Siku ya Jamhuri nayo ilisukumwa hadi Jumapili ya kwanza ya Juni. Watu walinung'unika. Epifania ikarudishwa miaka ya themanini, na 2 Juni ikarudi mahali pake 2001. Hapa sikukuu ikishauawa haikai kaburini.

Kichekesho ni kwamba 4 Oktoba ya 2026, ya kwanza baada ya kungojewa miaka yote hiyo, ni Jumapili.

Kwa hiyo tutapumzika Jumatatu yake?

Hapana, na Wakenya ndio wanaoumia zaidi, maana kwao sikukuu ya Jumapili huhamia Jumatatu kisheria. Huku ikiangukia Jumapili imeangukia. Waajiriwa wengi wa mshahara wa mwezi huongezwa malipo ya siku moja, kwa hiyo kagua hati yako ya mshahara, lakini kengele ya saa italia Jumatatu kama kawaida.

Waitaliano wamejilipa kwa njia nyingine, wanaiita *fare il ponte*, kujenga daraja. Sikukuu ikiwa Alhamisi, unaomba ruhusa ya Ijumaa, siku nne zimeungana. Mafundi wa kazi hii huanza kuchora madaraja yao Januari. Mwaka 2025 ulikuwa neema: Jumatatu ya Pasaka ilikuwa 21 Aprili, 25 ikawa Ijumaa, na aliyeomba siku tatu tu katikati alikaa nyumbani siku tisa mfululizo. Usipange kushughulikia karatasi zako za ukaazi wiki kama hiyo. Ofisi iko wazi, ila mtu anayejua faili lako liko wapi amesimama juu ya daraja.

Mbona rafiki yangu wa Milano anapumzika 7 Desemba na mimi Torino niko kazini?

Sasa umeingia ghorofa ya chini. Kila mji una mtakatifu wake msimamizi, yule ambaye Wakatoliki wa kwetu wangemwita somo wa parokia, na siku yake mji mzima hupumzika: ofisi, shule, benki. Ni mji huo tu. Kilomita kumi mbele watu wanafanya kazi na hawana habari.

Milano ni Ambrosi, 7 Desemba, na kwa kuwa kesho yake ni sikukuu ya taifa, Wamilano wana daraja la kuzaliwa nalo. Jioni hiyo ndipo jumba la opera la La Scala hufungua msimu wake, matajiri wakipigwa picha ndani na waandamanaji wakipiga kelele nje. Roma ni Petro na Paulo, 29 Juni. Napoli ni Gennaro, 19 Septemba. Palermo ni Rosalia, 15 Julai. Torino, Firenze na Genova zinagawana Yohane Mbatizaji, 24 Juni. Torino usiku wa kuamkia siku hiyo huwasha rundo refu la kuni katika uwanja wa Piazza Castello, juu yake sanamu ya fahali. Fahali akiangukia upande wa stesheni ya Porta Nuova, mwaka utakuwa wa heri. Watu wazima wenye shahada zao hushangilia au hukunja uso kulingana na alikoangukia.

Kuna miji yenye bahati mbaya. Bologna ni Petronio, 4 Oktoba, kwa hiyo sikukuu mpya ya taifa imeimeza ile ya kwao. Venezia ina Marko, na siku yake ni 25 Aprili, ile ile ya Ukombozi. Wavenezia wamejitafutia nyingine, 21 Novemba, siku ya Bikira Maria wa Afya, nadhiri waliyoweka wakati wa tauni ya 1630. Lakini 25 Aprili mwanamume wa huko bado humpa mpenzi wake tumba la waridi jekundu.

Kabla hujaanza kazi popote uliza: *quando è il patrono?*, siku ya mtakatifu wa mji ni lini? Ni siku ya mapumziko unayoistahili na wengi hawaijui.

Befana ni nani, na kwa nini ananipa makaa?

Ni bibi kizee mwenye pua ndefu anayepita juu ya ufagio usiku wa kuamkia 6 Januari. Watoto hutundika soksi. Mwema hukuta peremende, mtundu hukuta makaa, ambayo siku hizi ni sukari iliyotiwa rangi nyeusi, na watoto huigombania kuliko peremende. Masimulizi yanasema Mamajusi walimwomba awaonyeshe njia ya Bethlehemu, akakataa kufuatana nao, kisha akajuta, na tangu hapo anapita nyumba hadi nyumba akimtafuta mtoto Yesu. Waitaliano wana msemo wa siku hiyo: *l'Epifania tutte le feste porta via*, Epifania huzoa sikukuu zote ikaondoka nazo. Kesho yake shule zinafunguliwa.

Karnevali, zile shamrashamra za kabla ya Kwaresima, ni Venezia tu?

Venezia ndiyo yenye picha nzuri. Barakoa zilivaliwa huko kwa karne nyingi, jamhuri yao ikaanguka 1797, desturi ikafifia, na karnevali tunayoiona leo ilifufuliwa 1979. Ukienda, nenda katikati ya wiki. Wikendi utatembea kama dagaa ndani ya gunia.

Viareggio, pwani ya Toscana, wana magari makubwa ya sanamu za karatasi yanayowakejeli wanasiasa, tangu 1873. Lakini mimi nitakuelekeza Ivrea, karibu na Torino, ambako watu hupigana kwa machungwa. Simaanishi kutupiana kwa mzaha. Kuna timu tisa za waendao kwa miguu, na mikokoteni ya farasi iliyobeba watu waliovaa kofia za ngozi zenye nondo usoni, na kwa siku tatu wanarushiana machungwa yaliyosafirishwa kutoka kusini mpaka barabara inageuka uji. Kisa chake ni binti wa msagaji nafaka, Violetta, aliyetakiwa alale na mtawala usiku wa harusi yake. Akaenda, akamkata kichwa. Walio kwenye mikokoteni ni askari wa yule dhalimu, walio chini ni wananchi. Mgeni anunue kofia nyekundu ya sufi, maana anayeivaa hashambuliwi. Hata hivyo chungwa halina macho. Mimi nilitoka na jicho lililovimba na viatu vya kutupa.

Vyote hivi humalizika Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu, isipokuwa Milano. Milano wanafuata taratibu za ibada za Ambrosi, Kwaresima yao huanza Jumapili, kwa hiyo wanaongeza siku nne za ulafi. Kila mkoa una jina lake la zile kaimati bapa zenye vumbi la sukari: *chiacchiere*, *frappe*, *cenci*, *bugie*. Ni kitu kimoja, ila usimwambie hivyo aliyeipika.

Ijumaa Kuu ni mapumziko?

Si mapumziko. Wengi hawaamini, nchi yenye Papa ndani yake! Lakini benki ziko wazi na watu wako kazini. Mapumziko ni Jumatatu.

Hilo halina maana kwamba siku hiyo imepuuzwa. Roma kuna Njia ya Msalaba usiku kwenye Colosseum. Trapani, ncha ya magharibi ya Sicilia, wanaume hubeba mabegani makundi 20 ya sanamu za Mateso kwa karibu saa 24, wakiyumba kwa hatua za bendi ya maombolezo. Kuyumba huko kuna jina lake, *annacata*, kama mama anayembembeleza mtoto. Firenze Jumapili ya Pasaka ng'ombe weupe huvuta mkokoteni mrefu hadi mbele ya kanisa kuu, na wakati wa wimbo wa Utukufu kifataki chenye umbo la njiwa hutoka altareni kikiteleza juu ya waya, kinauwasha mkokoteni na kurudi. Akirudi salama, mavuno mema.

Jumatatu ni ya kutoka. Msemo wao ni *Natale con i tuoi, Pasqua con chi vuoi*: Krismasi na wa kwenu, Pasaka na umtakaye. Watu huchoma nyama kwenye mabustani, na mvua huwa haikosi, kana kwamba imeandikwa kwenye kalenda.

25 Aprili na 2 Juni, ipi ni uhuru wao?

Hakuna. Italia haisherehekei uhuru kama sisi, na ukiuliza hivyo utapewa maelezo marefu. Tarehe 25 Aprili 1945 kamati ya wapigania ukombozi huko Milano ilitangaza uasi wa jumla dhidi ya Wajerumani na mafashisti wa Mussolini. Tarehe 2 Juni 1946 wananchi walipiga kura kuchagua kati ya mfalme na jamhuri. Jamhuri ilipata kura milioni 12.7, ufalme milioni 10.7, na mfalme Umberto wa Pili, aliyekuwa kwenye kiti kwa mwezi mmoja tu, akaenda kuishi Ureno. Hiyo pia ilikuwa mara ya kwanza wanawake kupiga kura ya taifa zima.

Utazitofautisha kwa kelele zake. Tarehe 2 Juni ni gwaride la Roma na ndege za kijeshi zikichora moshi wa kijani, mweupe na mwekundu angani, na wote wanapiga makofi. Tarehe 25 Aprili ina maandamano, nyimbo na ugomvi. Wapo Waitaliano ambao babu yao alikuwa upande wa pili, na hawajaimaliza habari hiyo hadi leo. Ukialikwa chakula cha mchana siku hiyo, sikiliza kwanza mezani wanavutia upande gani.

Palio ya Siena ni mashindano ya farasi tu?

Mwambie hivyo Msiena kama unataka kurudi kwa miguu.

Palio hukimbiwa mara mbili kwa mwaka, 2 Julai na 16 Agosti, katika uwanja wa Piazza del Campo uliofunikwa udongo. Ni mizunguko mitatu, kama dakika moja na nusu hivi, na kwa dakika hiyo watu huishi mwaka mzima. Siena imegawanyika mitaa 17, wao wanaiita *contrade*, na mipaka yake iliwekwa rasmi 1729. Mtoto huzaliwa Siena kama raia, lakini anabatizwa mara ya pili kwenye kisima cha mtaa wake. Wanandoa wa mitaa hasimu, na wapo, siku za Palio kila mmoja hurudi kwa mamaye. Fikiria Simba na Yanga, kisha uifanye kuwa timu 17, uondoe wachezaji wa kulipwa wote isipokuwa mmoja, na uikabidhi kila timu kanisa lake, jumba lake la makumbusho na mahasimu wa kurithi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna pa kuanzia, maana mtaa mmoja unaitwa Giraffa na bendera yake ina twiga. Mwingine, Torre, alama yake ni tembo mwenye mnara mgongoni, na hasimu wake mkubwa ni Oca, yaani bata bukini. Tembo na bata bukini hawasalimiani.

Kwa sababu uwanja ni mdogo hukimbia mitaa kumi tu: saba ambayo haikukimbia tarehe hiyo mwaka uliotangulia, na mitatu ya kura. Farasi nao hugawiwa kwa kura siku tatu kabla, hakuna mtaa unaochagua. Mpanda farasi hukodiwa, ni mtu wa nje, na mitaa huruhusiwa kuwahonga wapanda farasi wa wenzao waziwazi. Hayo wanayaita makubaliano. Siku yenyewe farasi huingizwa kanisani akabarikiwa, padri akimwambia: *Vai e torna vincitore!* Nenda urudi mshindi. Farasi akidondosha kinyesi pale pale mbele ya altare, waumini hufurahi, ni dalili njema.

Wanapanda bila tandiko. Mjeledi wao ni wa nyama kavu ya fahali, na kumchapa mwenzako usoni si kosa. Ukidondoka, farasi wako bado yumo mashindanoni, na akifika wa kwanza peke yake mtaa wako umeshinda. Zawadi haina fedha ndani yake: ni kitambaa kirefu cha hariri chenye picha ya Bikira Maria. Nacho hulilia wanaume wenye mvi. Aliyeshindwa zaidi huhesabiwa kuwa aliyefika wa pili, si wa kumi, maana yeye alikuwa nacho mkononi.

Farasi wameumia na kufa kwenye zile kona, hasa ya San Martino, na watetezi wa wanyama hupinga kila mwaka. Hoja yao ina uzito. Mimi nilikwenda mara moja. Katikati ya uwanja kusimama ni bure, lakini ingia mapema na ujue kwamba hutatoka tena mpaka mwisho, choo hakuna, na jua la Julai halina huruma.

Ile damu ya Napoli huyeyuka kweli?

Mara tatu kwa mwaka, ikiwemo 19 Septemba, askofu mkuu hutoa chupa yenye kitu cheusi kilichoganda, kinachosemwa kuwa damu ya Gennaro, na watu huomba kiyeyuke. Kikiyeyuka kitambaa cheupe hupungwa. Mstari wa mbele huketi wanawake wanaojiita jamaa za mtakatifu, na akichelewa humkemea kama anayemkemea mpwa wake, wakimwita uso wa manjano. Kanisa lenyewe halijatamka rasmi kuwa ni muujiza. Desemba 2020 haikuyeyuka. Septemba 1980 haikuyeyuka pia, na Novemba ikaja zilizala ya Irpinia. Mnapoli atakwambia haamini mambo hayo, na kabla hujanyanyuka atakuhesabia miaka yote iliyogoma.

Ferragosto ni nini hasa? Kila mtu amepotea.

Tarehe 15 Agosti. Kanisa linasherehekea Maria kupalizwa mbinguni, lakini jina ni la kale zaidi: *Feriae Augusti*, mapumziko ya Augusto, Kaisari aliyeyaanzisha mwaka 18 kabla ya Kristo. Miaka elfu mbili baadaye amri yake bado inatiiwa kuliko sheria nyingi za bunge.

Kwenye karatasi ni siku moja. Kwa kweli ni wiki mbili au tatu. Viwanda vikubwa vya kaskazini vilikuwa vikifunga vyote pamoja Agosti, na mji wa Torino, uliolelewa na kiwanda cha magari, ulibaki na njiwa na wazee. Sasa si hivyo sana, lakini bado utakuta karatasi mlangoni kwa fundi, kwa mwoka mikate, kwa daktari wa meno: *chiuso per ferie*, tumefunga kwa likizo. Jino lisikuume Agosti. Waliobaki ni wageni na wanaotunza vikongwe, na hiyo ndiyo sababu simu zetu za nyumbani huwa ndefu mwezi huo.

Wako wapi? Baharini, na baadhi yao ni kwetu. Anayeuza vinyago Watamu au kuongoza mashua Kiwengwa anamjua Ferragosto kwa mfuko wake, hata kama hajawahi kusikia habari za Kaisari. Malindi nilijifunza kusema *buon Ferragosto* kabla ya kujua kuandika jina langu kwa Kiitaliano, na nilidhani ni jina la mtu.

Kuna Mwafrika yeyote katika kalenda hii?

Wapo. Ninayempenda ni Benedetto wa Palermo, aitwaye il Moro. Wazazi wake walikuwa Waafrika waliotumikishwa utumwani huko San Fratello, Sicilia, naye alizaliwa huko katika karne ya 16. Akawa mtawa, akafanya kazi ya upishi katika nyumba ya Wafransisko ya Santa Maria di Gesù, na ingawa hakujua kusoma walimchagua kuwa mkuu wao. Alifariki 4 Aprili 1589. Mwaka 1652 Palermo ilimfanya msimamizi mwenza wa mji, zaidi ya karne moja na nusu kabla Roma haijamtangaza mtakatifu, 1807. Watu wa Palermo hawakungoja kibali. Julai 2023 moto wa msituni uliteketeza kanisa alimohifadhiwa, na sehemu kubwa ya masalia yake ikaungua.

Verona wana Zeno, askofu anayesemekana alitoka Afrika Kaskazini, na siku yake mjini ni 21 Mei. Katika basilika yake kuna sanamu yenye uso mweusi na tabasamu, wenyeji humwita Zeno anayecheka.

Tena kuna njia ya kinyume, kutoka hapa kwenda kwetu. Wamisionari wa Consolata waliofika Kenya 1902, na baadaye Iringa, walitoka Torino, na Consolata ni picha ya Bikira Maria iliyo katika kanisa la katikati ya mji huu. Maandamano yake ni 20 Juni jioni. Si siku ya mapumziko. Mwanzilishi wao, Giuseppe Allamano, alitangazwa mtakatifu Oktoba 2024. Jioni ya maandamano utasikia Kikikuyu na Kiswahili barabarani.

Idi je?

Haimo. Waislamu hawana mkataba na serikali ya Italia kama walio nao Wayahudi, ambao Jumamosi yao inatambuliwa. Unaomba siku kutoka kwenye likizo yako, na kwa kuwa mwezi hauonekani kwa tarehe ya ofisini, omba mbili. Aprili 2024 shule moja ya Pioltello, karibu na Milano, ilifunga siku moja ya mwisho wa Ramadhani kwa sababu wanafunzi wengi wasingekuja, na nchi nzima ikabishana kwa wiki kadhaa. Torino swala ya Idi husaliwa hadharani Parco Dora, chini ya nguzo za kiwanda cha zamani cha chuma. Nenda na mkeka wako na koti.

Novemba mosi nipeleke maua gani?

Yoyote, ila si krisanthemi. Zimejaa madukani, za bei nafuu, zinavutia, na ni maua ya makaburini. Watu huzipeleka kwa marehemu wao 1 na 2 Novemba. Ukimpelekea mama mwenye nyumba atakupokea kwa adabu na kuzitazama kwa hofu. Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, ua ni mimosa ya manjano, hilo halina hatari.

Krismasi wanakula nini?

Usiku wa mkesha ni samaki, kwa kuwa nyama ilikuwa mwiko. Napoli hawakosi mkunga mkubwa, hununuliwa hai na mara nyingine hutoroka kwenye sinki. Mchana wa 25 ni nyama na tambi za kujazwa, na mezani hamnyanyuki hadi magharibi. Halafu mkate mtamu: panettone ya Milano yenye zabibu kavu, au pandoro ya Verona isiyo nazo. Nyumba hugawanyika vikundi viwili kuhusu zabibu hizo. Mimi ni wa panettone, na Wamilano wamenifundisha kuweka kipande mpaka 3 Februari, siku ya Biagio, kiliwe kikiwa kikavu ili koo lisikuume. Mwaka Mpya ni adesi pamoja na soseji nene ya nguruwe. Adesi zinafanana na sarafu, ukila nyingi utapata fedha. Usiyekula nguruwe omba adesi peke yake, hawachukii, wanakuongezea.

Mapango ya Noeli yalianzia Greccio mwaka 1223, kwa Fransisko yule yule. Napoli, katika uchochoro wa San Gregorio Armeno, mafundi huchonga Mamajusi pembeni ya wachezaji mpira na mawaziri wakuu.

Ratiba ya basi inasema "feriale". Hiyo ni likizo?

Hapana! Mtego huu umetuchelewesha wote. *Ferie* ni likizo, lakini *feriale* ni siku ya kazi, Jumamosi ikiwemo. *Festivo* ndiyo Jumapili na sikukuu. Kwenye vibao vya kuegesha magari utaona nyundo mbili zilizopishana, hiyo ni siku ya kazi, na msalaba ni sikukuu. Krismasi na Mei Mosi mabasi hupungua sana, kwa hiyo aliye na zamu hospitali aulizie mapema nani ana gari.

Sagra nayo ni sikukuu?

Ni sherehe ya kijiji kwa chakula kimoja: ya uyoga, ya chestinati, ya nguruwe wa porini, ya vitunguu. Meza ndefu za mbao, sahani za karatasi, akina mama wa parokia jikoni, bendi ya wazee, na watu wa miaka sabini wakicheza wawili wawili. Haikupi mapumziko, lakini inakushibisha kwa fedha kidogo. Tafuta mabango yaliyobandikwa vibaya kwenye nguzo za barabarani. Bango likiwa zuri mno, bei nayo itakuwa hivyo.

Nina nauli ya safari moja tu. Nije lini?

Kama hapa una mtu wako, muulize mtakatifu wa mji wake ni nani, uje siku hiyo, hata kama mji huo hujawahi kuusikia. Kama huna mtu, njoo Gubbio, Umbria, 15 Mei. Wanaume waliobeba minara mitatu ya mbao, kila mmoja na mtakatifu wake juu, hukimbia mbio kali kupandisha mlima Ingino. Wa kwanza daima ni Ubaldo, wa pili Giorgio, wa tatu Antonio, na hakuna anayeruhusiwa kumpita mwenzake. Nilimuuliza mzee mmoja sasa wanakimbilia nini. Alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini bahari ina chumvi, akanimiminia mvinyo, na nilipomwambia sinywi akaniletea maji ya machungwa na kiti.